Nyumba Iko Segerea, Mimi Niko Dodoma

Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakaribia pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, mimi nilikuwa Dodoma, naanika nguo. Anga lilikuwa jeupe, kwa kuwa huku mvua zilikuwa zimekwishakatika na kilichobaki ni vumbi na upepo wa baridi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari, nami nilizisikia kama mtu anavyosikia habari za msiba wa jirani wa jirani. Jumapili alfajiri simu ikaleta ujumbe wa sauti wa sekunde 11 kutoka kwa mpangaji wangu wa uani: “Dada, shikamoo. Ukuta wa nyuma umelala.”

Kulala, kwa ukuta, ni neno la upole sana. Ni kana kwamba ukuta ulichoka kusimama na baada ya mapumziko utaamka wenyewe. Kuuamsha ule wa kwangu kuligharimu shilingi 1,700,000 na mambo mengine nitakayoyaeleza mbele, lakini asubuhi ile kilichonisumbua zaidi ni ile hali ya kusimama juani nikishika kibanio cha nguo, huku kilomita 450 kutoka hapo mali niliyoijenga kwa miaka minne ikinyeshewa, na mimi sina hata tone la mvua begani.

Nyumba yenyewe iko Segerea, Dar es Salaam: nyumba kubwa ya vyumba vitatu mbele, na uani banda la nyumba mbili, kila moja chumba na sebule. Niliianza mwaka 2009 kwa mkopo wa SACCOS ya kazini, tukahamia 2013 kabla ya dari na kabla ya plasta ya nje, kama wanavyohamia watu wengi wa mjini waliochoka kulipa kodi. Niliijenga ili nife ndani yake. Kisha mwezi Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali yote itahamia Dodoma, Waziri Mkuu Majaliwa akahamia mwezi Septemba mwaka huohuo, na mwaka 2017 barua yangu ya uhamisho ikatoka. Katika mtaa wetu hatukuwa wachache. Kwa miezi kadhaa vibao vya “Nyumba inapangishwa” vilining’inia kwenye mageti kama nguo za sare. Watu huniuliza niliamuaje kuingia katika biashara ya kupangisha. Sikuamua. Nilihamishiwa humo pamoja na mafaili.

Baba yangu hakulipenda jambo hili tangu mwanzo. Alikuwa ofisa wa ngazi ya kati serikalini, na utu uzima wake wote wa kazi aliuishi chini ya miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambayo iliwakataza viongozi wa chama na serikali, hadi maofisa wa ngazi yake, kuwa na nyumba za kupangisha. Aliikumbuka vizuri sheria ya mwaka 1971 iliyotwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, na alikumbuka pia jinsi Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilivyoilegeza miiko ile bila kishindo. Siku aliponikuta napokea kodi ya miezi sita kutoka kwa mpangaji wangu wa kwanza aliniangalia kwa muda, akasema, “Kwa hiyo siku hizi unakula jasho la watu, mwanangu.” Alikuwa anatania, nadhani. Hata hivyo, kila nilipodhulumiwa baadaye nilijikuta nikiusikia utani ule, na nikakosa ujasiri wa kumlalamikia.

Mpangaji wa kwanza alipatikana kupitia dalali, aliyechukua kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake, na alikaa salama kwa mwaka mmoja na nusu. Usimamizi niliukabidhi kwa mtoto wa kaka yangu, kijana aliyekuwa akisoma chuo na kuishi Tabata, kwa makubaliano kwamba atapita kila mwisho wa wiki na mimi nitamsaidia nauli na matumizi madogo. Hapa ndipo napaswa kukiri jambo. Kazi yangu ni ya masijala. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimelipwa mshahara ili kila karatasi ijulikane imetoka wapi, imekwenda wapi na nani ameitia saini. Mali bila daftari hupotea bila habari, methali hiyo nimewasomea vijana wapya kazini mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini daftari la nyumba yangu mwenyewe lilikuwa ni mazungumzo ya WhatsApp na mtoto wa kaka.

Alikuwa anatuma picha. Koki imevunjika, shangazi, picha hii hapa. Fundi anataka 35,000. Chemba imeziba, picha hii hapa; 60,000. Bati la uani linavuja, picha hii hapa. Nilikuwa natuma pesa kwa simu nikiwa kwenye mikutano, chini ya meza, bila kuuliza swali, na kwa kweli nilijisikia fahari kidogo kwamba nimepata mtu wa ndani ya ukoo. Mwaka 2020, jioni moja isiyo na kazi, nikawa napitia picha za zamani ili kupunguza mzigo wa simu. Nikaiona koki. Nikapandisha juu, nikaiona tena, miezi minane kabla. Nikaendelea kupandisha, nikaikuta mara ya tatu, pembe ileile, tone lilelile la maji likiwa limeganda hewani, kivuli kilekile cha ndoo nyekundu.

Huku kwetu kuna neno kwa jambo hili, nalo ni cha juu: ile nyongeza anayoiweka mtu aliye katikati ya mwenye pesa na kazi. Cha juu cha fundi nimekizoea, kama nilivyozoea chumvi katika mboga. Kilichonishinda ni hiki cha ndugu, kwa sababu hakina pa kupelekwa. Huwezi kumshitaki mtoto wa kaka yako kwa koki tatu. Nilimpigia, akakana, kisha akanyamaza, kisha akalia. Kesho yake akapiga kaka, na keshokutwa shangazi yetu mkubwa kutoka Korogwe, aliyeniuliza kama nimesahau nani alinilea nilipokuwa darasa la tano. Kikao cha ukoo kilifanyika kwa simu. Kiliamua kwamba kijana alikosea, kwamba mimi nilikosea zaidi kwa kumpa mtoto mtihani wa pesa bila kumpa posho inayoeleweka, na kwamba ada yake ya muhula uliofuata ilipwe na mimi kama ishara ya kusameheana. Nililipa. Nimefikiri sana tangu siku ile na nakubaliana na nusu ya hukumu hiyo: nilitaka kazi ya msimamizi kwa bei ya undugu. Baadaye niliiulizia kampuni moja ya kusimamia majengo, wakaniambia kwa adabu kwamba nyumba yangu ni ndogo mno kwao.

Bila msimamizi, nikaanza kuwasiliana na wapangaji moja kwa moja, na ndipo nilipogundua jinsi lugha yetu ilivyotufanyia hila kwa kuwa na neno moja, kodi, kwa kile ambacho mpangaji ananipa mimi na kile ninachopaswa kuipa serikali. Kuanzia Agosti 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, nayo ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Anayenunua umeme ni mpangaji. Mwenye jengo ni mimi. Mpangaji wa uani alinunua umeme, akaona uniti zimepungua, akanipigia kunieleza kwamba serikali imekosea mtu. Tulielewana kwamba nitampunguzia kiasi hicho kwenye kodi yake, yaani kodi ileile nyingine, na mpaka leo hakuna mwezi ambao hesabu hiyo ndogo haijahitaji maelezo marefu. Ofisi moja iliyompangishia mtumishi wake nyumba ya mbele nayo ilinikata kodi ya zuio ya asilimia 10, kama inavyotakiwa, ila cheti cha kuthibitisha makato hayo nilikifuatilia kwa simu kwa miezi mitano. Mwenye nyumba anayeishi Dar angepanda daladala, akakaa kwenye benchi la mapokezi hadi wachoke kumwona.

Mwaka 2022 ndio ulionifundisha bei halisi ya kutokuwepo. Mpangaji mpya wa nyumba ya mbele alilipa miezi sita kwa shilingi 400,000 kila mwezi, kisha akanyamaza. Mwanzoni alikuwa na sababu, na sababu zake zilikuwa nzuri; baadaye hakuwa na sababu ila alipokea simu; mwishoni hakupokea. Wenzangu kazini, ambao nusu yao wana nyumba Dar, walinishauri nitume watu waezue bati au wang’oe mlango, kwa kuwa hakuna mtu anayekaa katika nyumba isiyo na mlango. Nilikataa, si kwa sababu ya wema, bali kwa sababu mpangaji aliyeezuliwa bati ndiye anayekushitaki wewe, naye atakuwa na picha za kweli. Nikafuata njia iliyonyooka: mjumbe, serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata. Mabaraza hayo, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, hayaamui tena migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30 ndipo mtu anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Siku ya kwanza ya usuluhishi nilisafiri usiku kwa basi, nikafika nimevimba miguu. Mpangaji wangu hakutokea. Siku ya pili alitokea, ameoga, amevaa vizuri, ametembea kwa miguu dakika kumi kutoka nyumbani kwangu, akaomba muda wa kutafuta nyaraka. Siku ya tatu mjumbe mmoja wa baraza alikuwa na msiba. Kupigwa kalenda si jambo la ajabu katika nchi yetu, lakini kalenda haiwapigi wote kwa uzito mmoja: kwake yeye kila tarehe iliyoahirishwa ilikuwa ni mwezi mwingine wa kulala bure, na kwangu ilikuwa ruhusa kazini, nauli ya kwenda na kurudi na siku mbili za uchovu. Aliielewa hesabu hiyo kuliko mimi. Kabla sijaamua kama nitakwenda Baraza la Wilaya, alihama usiku, akaacha deni la miezi mitano, yaani shilingi 2,000,000, na akachukua hata fimbo za mapazia. Fimbo zile zilikuwa zangu, na mpaka leo zinaniuma kuliko zile milioni mbili.

Kwa miaka yote hiyo mimi mwenyewe nilikuwa mpangaji, na bado niko hivyo. Hapa Dodoma naishi Kisasa, katika nyumba ya mama mmoja muuguzi mstaafu anayekaa kiwanja hichohicho. Anajua nimerudi saa ngapi. Anajua ndoo ngapi za maji nimetumia Jumamosi. Siku bomba la jikoni lilipopasuka saa moja jioni, saa mbili fundi alikuwa ameshaondoka. Nyumba ya pili kutoka kwetu, kwa upande mwingine, ni ya bwana mmoja anayeishi Dar, na wapangaji wake hukaa barazani jioni na kuzungumza naye kwa simu kwa zamu. Nimekaa nao mara nyingi. Nimewasikia wakikubaliana kabla ya kupiga nini kitasemwa na nini kitaachwa. Tangi limepasuka, jipya ni 90,000, waseme 180,000. Hawakuwa wezi; walikuwa wamesubiri miezi mitatu atengeneze mlango wa choo, wakachoka, wakaamua mlango huo utoke ndani ya tangi. Mmoja wao, mwalimu, aliniambia akicheka, “Yule wa Dar hatumwambii kila kitu. Akijua sana atapandisha kodi.” Nilicheka nao kwa moyo wote, kisha nikarudi ndani nikakosa usingizi, kwa maana kulikuwa na baraza kama hiyo Segerea, na mimi nilikuwa yule wa Dodoma.

Basi ukuta ulipolala sikuwa mgeni wa mambo. Niliomba makadirio ya mafundi watatu, nikachagua wa bei ya kati, na nikamwomba mpangaji wangu mpya wa nyumba ya mbele, baba mtulivu wa watoto watatu, asimamie. Nilidai picha kwa kila hatua: mchanga, saruji, nondo, tofali za nchi sita, msingi, kozi ya tano, plasta. Zote zilikuja, mpya, zenye tarehe, na hakuna hata moja iliyojirudia. Kwa mara ya kwanza nilifungua faili la kweli, lenye namba za kurasa, na nikajisikia kama mtu aliyejifunza.

Mwezi wa nane treni ya SGR ilikuwa imeanza safari kati ya Dar na Dodoma. Tiketi ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000, na safari iliyokuwa ikinila usiku mzima ikawa ya chini ya saa nne. Mtu aliyezaliwa katika nchi ya mabasi hawezi kulizungumzia jambo hili kwa utulivu, kwa hiyo sitajaribu. Nitasema tu kwamba Jumamosi moja niliondoka asubuhi bila kumwambia mtu yeyote, na kabla jua halijafika utosini nilikuwa juu ya bodaboda naelekea Segerea.

Nyumba ilikuwa safi. Baba wa nyumba ya mbele alikuwa amezibua mifereji ya bati kwa pesa zake na hakuwahi kuniambia. Mkewe alikuwa amefungua kigenge cha nyanya na vitunguu getini, kinyume cha mkataba, nami niliamua papo hapo kwamba sijakiona. Nikazunguka uani kuuangalia ukuta. Ulikuwa umenyooka, umepigwa plasta nzuri, na ulikuwa mahali pasipo pake. Mpera nilioupanda mwaka 2014, hatua mbili kamili kutoka ukutani, sasa ulikuwa umeegemeza matawi yake kwenye plasta. Nilipanda juu ya ndoo, nikachungulia. Upande wa pili, juu ya msingi wangu wa zamani, jirani alikuwa ameweka banda la kuku.

Sentimita 60 kwa mita 14. Picha zote zilikuwa za kweli. Zilipigwa kutoka ndani, karibu, zikionyesha ukuta bila kuonyesha umesimama wapi. Na hakukuwa na hila kubwa. Maji yalikuwa yameula udongo chini ya msingi wa zamani, fundi akataka udongo mgumu, jirani akasema hana pingamizi ukuta ukirudi ndani kidogo, na kwa nini awe nalo. “Mama, nilitaka kuwaepusha na ugomvi,” alisema mpangaji wangu, na nilimwona kwamba anasema kweli.

Nikamgeukia yule dada wa uani, aliyenitumia ujumbe wa kwanza, nikamuuliza kwa nini na yeye hakuniambia. Alinitazama kwa mshangao. “Nilikuambia, dada.” Nikafungua simu mbele yake. Ujumbe wa sauti wa tarehe 20 Mei, dakika 4 na sekunde 12. Niliukumbuka: ulianza na salamu, ukaendelea na mvua, ukaingia kwenye ada ya mtoto, na mimi, nikidhani unaelekea kuomba kuongezewa muda wa kodi, nikauzima. Tuliusikiliza pamoja tumesimama chini ya mpera. Ilikuwa katika dakika ya tatu: “Halafu dada, huu ukuta wanaurudisha ndani. Mimi nimemwambia fundi asubiri akupigie, anasema umeshakubali.”

Siku hiyo hiyo tulimpata mwenyekiti wa serikali ya mtaa nyumbani kwake, tukaandikishana na jirani mbele ya mashahidi kwamba mpaka ni msingi wa zamani na kwamba banda la kuku limekaa hapo kwa ruhusa yangu hadi nitakapohitaji eneo langu. Jirani alitia saini bila kinyongo na akanipa trei ya mayai. Kisha nikamwomba dada wa uani awe msimamizi wangu, kwa kumpunguzia shilingi 30,000 kila mwezi katika kodi yake ya 150,000. Nilidhani nampa zawadi. Alifikiri, akakataa.

“Nikiwa msimamizi wako, dada, na mimi wataanza kunificha. Niache nibaki mpangaji. Ila nikikutumia ujumbe, sikiliza wote.”

Treni ya kurudi ilikuwa imepita Morogoro, gizani, simu ilipolia. Ujumbe wa sauti, dakika 6 na sekunde 40. Nilivaa spika za masikioni nikasikiliza: ameshukuru kwa ugeni, bei ya mkaa imepanda tena, mtoto amefanya mtihani wa majaribio na hisabati imemshinda, kuku wa jirani wameanza kuwika saa tisa usiku, na binamu yake wa Kigoma anaolewa mwezi wa kumi. Katika dakika ya sita, kama jambo dogo tu, akataja kwamba koki ya uani inavuja.